Nimemwita Mtani Aucheke Mji wa Thesaloniki

Jumapili, jioni. Nachingwea.

Joto la leo halina adabu. Jua limekaa utosini tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nimerudi kutoka Mandawa na hasira ambazo sijui nimshushie nani. Nimeoga mara mbili. Hazijatoka.

Basi nakuandikia wewe, shajara, kwa kuwa huna mdomo wa kunijibu.

Nauchukia mji wa Thesaloniki.

Sijawahi kufika na sitarajii kufika. Ila naufahamu kuliko watu wengi wa hapa wanavyoufahamu mtaa wa pili, maana wiki nzima nimekaa kwenye cherehani na simu pembeni, nikiusoma kona kwa kona kama mtu anayetafuta makosa ya mke mwenza. Uko Ugiriki, kaskazini, mji wa bandari, wa zamani sana, na kila aliyepita pale anaumwagia sifa utadhani kazaliwa hapo. Mimi sikutaka sifa, nilitaka kasoro. Nilizipata tele, na hazikunisaidia kitu.

Niseme ilikoanzia.

Mdogo wangu Hashimu amerudi. Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Aliondoka hapa kijana, akapata kazi ya jikoni melini, akashukia Thesaloniki, akaoa hukohuko, na sasa anapokea wageni kwenye hoteli moja karibu na bandari. Miaka yote alikuwa wa kututumia picha tu. Safari hii kaja mwenyewe, kafikia kwa mama yetu Mandawa, na kaja na neno. Anataka kumchukua Rehema.

Rehema ni binti yangu. Huyo huyo mmoja, sina mwingine. Kamaliza kidato cha sita, baba yake ni marehemu, na tunaishi wawili nyuma ya kibanda changu cha ushonaji. Hashimu anasema kule kuna chuo cha mambo ya hoteli na utalii, mtoto atakaa kwake, mkewe hana neno, na akimaliza kazi zipo kwa sababu wageni wanamiminika.

Wanamiminika kufuata nini? Hilo ndilo swali langu la wiki nzima.

Kwa usiye wa huku kwetu, nikueleze kidogo. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wake ni mjomba. Mambo mazito ya mtoto, kama kuolewa au kusafiri mbali, yanapelekwa kwenye mkeka, na mjomba ndiye mwenye kusema. Wewe uliyebeba mimba unakaa pembeni na wanawake wenzako, unasikiliza mwanao anavyopangiwa. Na Hashimu ndiye mjomba pekee aliye hai.

Jumatatu alikuja hapa kibandani. Viatu vyeupe, jamani! Kwa vumbi hili la Nachingwea, viatu vyeupe! Miwani ya jua kaipandisha kichwani, sijui jua linamuumiza nywele. Na akiongea anasimamasimama, eti Kiswahili kinampotea. Hashimu niliyembeba mgongoni, niliyemfuta makamasi kwa khanga yangu, leo anatafuta neno "ngazi" hewani! Alinimwagia salamu ndefu za mkewe na za wakwe zake, sikuzisikiliza. Nilisonya, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Akakaa na Rehema kwenye benchi la wateja, akatoa simu.

Alianza na Mnara Mweupe. Ndiyo nembo ya mji, uko ukingoni mwa bahari, na hakuna mgeni anayeondoka bila kupiga picha mbele yake. Nikachungulia. Si mweupe! Una rangi ya unga wa muhogo uliolowa. Nikauliza weupe uko wapi, akasema ulipakwa chokaa zamani, ikatoka, jina likabaki. Tena palikuwa gereza. Gereza! Kwetu ukoo mzima unahangaika mtu wao atoke gerezani, kule watu wanapanga foleni kuingia, wanapanda mpaka juu, wanapunga mikono.

Kisha akaleta jengo la mviringo, kuta nene, la tangu enzi za Warumi. Wengine wanasema lilikuwa hekalu, wengine kaburi la mfalme, hata wenyewe hawana hakika. Likafanywa kanisa, likafanywa msikiti, likarudi kanisa, sasa ni la kutazamwa zaidi. Mnara wa adhana bado umesimama pembeni na hauna mwadhini. Hilo jengo halijui hata limwabudu Mungu kwa upande gani, na mtu anapanda ndege kwenda kuliinulia shingo.

Kuna mtaa wa maghala ya mafuta ya zeituni pale bandarini. Mafuta hayapo, siku hizi ni baa na migahawa. Kuna miavuli ya chuma, imetundikwa juu ya nguzo ufukweni. Haizuii mvua wala jua, lakini vijana wanakumbatiana chini yake. Yaani mji mzima ni vitu vilivyoacha kazi zake vikakaa kupigwa picha.

Halafu Hashimu akanikera kabisa. Akaonyesha mkate wa duara wenye tundu katikati, unauzwa barabarani asubuhi, umejaa ufuta. "Wageni wanaupenda sana huu," anasema, macho yamemtoka. Ufuta! Sisi tunaokata ufuta Mandawa mpaka viuno vinakufa ganzi, yeye mwenyewe kalelewa na ufuta huo, kasomeshwa nao, leo ananionyesha punje juu ya mkate nishangae!

Nikataka kucheka. Nikamtazama Rehema, kicheko kikanikwama.

Mtoto alikuwa hapepesi macho. Alikuwa ameushika ukingo wa ile simu kwa vidole viwili, taratibu, na mdomo umeachama kidogo. Nilikuwa sijamwona akitazama kitu hivyo.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba mji huu nitaufedhehesha.

Tatizo ni kwamba mimi siwezi kumtania Hashimu mbele za watu. Kwetu dada na kaka wanaheshimiana mpaka kero. Siruhusiwi kumkejeli, wala yeye kunijibu kwa utovu wa adabu. Nikisimama barazani na kusema mji wako ni wa kipuuzi, nitaonekana mwanamke nisiye na haya, na mama atanyanyua uso wake ule ninaoujua.

Ila binamu anaweza.

Binti wa shangazi yetu anaitwa Somoe, anaishi Nambambo. Kwa Hashimu ni mtani wa halali, na utani wenyewe kazaliwa nao. Kwenye msiba wa baba alikaa juu ya jembe, akagoma kaburi lisichimbwe mpaka apewe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka na makamasi yao. Mtani akikusema hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe.

Alhamisi nilifunga kibanda mapema, nikachukua bodaboda mpaka Nambambo. Nilimkuta Somoe anamenya muhogo. Nilikaa kwenye kigoda nikamfundisha Thesaloniki yote, mnara, jengo la mviringo, miavuli, mpaka ile meli ya ufukweni inayowazungusha watu kidogo baharini ili mradi wanywe kinywaji. Nikamwambia kuna siku anga likitakata unaona ng'ambo ya maji mlima mrefu ambao wazee wao walisema miungu inakaa juu yake. "Na siku za mawingu miungu inakaa wapi?" akauliza Somoe, kisu mkononi. Nikajua nimefika kwa mtu mwenyewe.

"Kwa hiyo nimchane, Mama Rehema?"

"Mchane mpaka aone aibu kuutaja tena."

Nilirudi Nachingwea nikiwa mwepesi. Niliimba njiani, dereva akageuka kunitazama.

Leo sasa. Tulikaa barazani kwa mama, Mandawa. Mikorosho inatoa maua, harufu yake imejaa uwanja mzima. Wazee wa ukoo upande mmoja, Hashimu katikati ya mkeka na viatu vyake vyeupe kavivua, kavipanga vizuri mbali na vya wenzake. Sisi wanawake kwenye ukuta. Rehema nyuma ya bibi yake, kajifunika mtandio, kainamisha kichwa.

Salamu zikaenda, dua ikasomwa. Hashimu akakohoa ili aanze.

Hajatamka neno, Somoe akaingia.

Alikuwa kajiviringisha shuka jeupe kutoka shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, na kichwani kavaa ndoo. Anatembea kwa kuburuta, mikono imebana ubavuni. Akasimama katikati ya mkeka, kimya. Kisha sauti ikatoka ndani ya ndoo: "Mimi ndiye Mnara Mweupe. Nipigeni picha!"

Baraza lililipuka. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Na hakuishia hapo. Alilivua shuka akaonyesha kitenge cheusi ndani, akasema weupe ulitoka kwenye kufua. Akamkamata mzee wa watu mkono, amwingize gerezani na amshukuru kwa kutembelea. Akaiweka ndoo chini iwe lile jengo la mviringo, akaizunguka akiuliza, "Hapa tunaswali au tunasali? Au tunatazama tu?" Akachukua mwavuli wa mama uliochanika, akaushika juu ya kichwa cha Hashimu kwenye jua kali, akamwambia, "Binamu, tulia, ndivyo wanavyofanya kwenu." Hashimu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nangoja aone aibu, na yeye anajigongagonga goti.

Nikageuka kumtafuta Rehema. Mtandio umeanguka mabegani. Anacheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje, na katikati ya kicheko anamsahihisha Somoe: "Hapana, mama mdogo, meli inaanzia pale pale kwenye mnara!" Mama yangu anauliza, na hiyo mikate wanakula na nini? Mzee anauliza, na huko juu ya mnara unaona mpaka wapi? Wote wanataka kujua. Mji niliouleta uchekwe umekaa barazani kwetu umepewa kiti.



Kicheko kilipopungua, mama akanyanyua mkono. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, jambo likiwa zito anarudi kwenye Kimwera. Akauliza kwa Kimwera, polepole, nani kamwita mtani?

Somoe akajibu kwa majivuno, "Mama Rehema kanifuata mwenyewe mpaka Nambambo."

Mama akanitazama. Uso wake ukalegea, macho yakajaa maji. Akasema basi, limekwisha, mwenye mtoto mwenyewe ameridhia.

Na vigelegele vikapigwa.

Ewe shajara, unielewe. Kwetu mtani haingizwi kwenye shauri. Shauri ni la watu wanaoheshimiana, wanaongea kwa vituo. Mtani anakuja jambo likishafungwa, kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye kumuaga msafiri. Anakuja kucheka ili mwenye uchungu apate pa kuutemea. Na anayekwenda kumwita ni yule mwenye uchungu wenyewe, kuonyesha kwamba kakubali. Hata mtoto wa darasa la tatu wa Mandawa analijua hili. Nami nimechezwa unyago, nimefundwa, nimekaa kwenye misiba isiyohesabika. Nilikuwa najua. Ila wiki nzima kichwa changu kilikuwa Ugiriki kinatafuta makosa, nikafikiria tu jinsi Hashimu atakavyofedheheka.

Nilifungua mdomo niseme hapana, sikukubali. Wanawake walikuwa wameshanikumbatia. Shangazi ananipangusa machozi ambayo hata sikujua yametoka, ananiambia nina moyo mkubwa. Moyo mkubwa! Mimi!

Baadaye Hashimu alinifuata nyuma ya nyumba, nilikokwenda eti kuchota maji. Alikuwa peku. Akaniambia, "Dada, ahsante. Nilikuwa naogopa sana siku hii. Nilikuwa nimeshawaambia wazee kwamba mimi sisemi neno la mjomba. Leo nilitaka nikuulize wewe mbele ya watu wote, ukikataa nirudi zangu peke yangu."

Nikamwambia, "Na Jumatatu ulikuwa na mdomo wa kunionyesha mikate. Mbona hilo hukulisema?"

"Jumatatu ulinisonya toka naingia mpaka natoka, dada. Ningelisema saa ngapi?"

Nilimwaga maji niliyokuwa nimechota, nikachota mengine.

Hebu fikiria. Neno moja tu. Ningesema "sitaki" kwa sauti ya kawaida, nimekaa zangu ukutani, mtoto angebaki. Sikuhitaji mnara wala miavuli wala nauli ya Nambambo. Ningeulizwa! Katika ukoo wetu mama anaulizwa lini? Siku moja tu nilikuwa niulizwe, nami nikajibu kabla ya swali.

Tumerudi hapa alasiri, Rehema na mimi. Tulipofika akachukua ungo akaanza kuchagua mchele. Mimi nikajifanya natafuta vifungo kwenye kopo. Ndipo akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama, nilidhani utakataa. Nilikuwa nimeshajiandaa kubaki."

"Ungenikasirikia?"

"Hapana."

Aliisema haraka mno. Nimemlea mwenyewe, najua anavyosema hapana akiwa na maana ya hapana, na anavyosema hapana ili mimi nipumue. Angebaki, naam. Angekaa hapa nyuma ya kibanda, angenisaidia kupiga pasi nguo za watu, na asingenilaumu hata siku moja. Ningemwona tu, kila mtu akipita na habari za mbali, anavyoinamia kazi.

Na bado nilikuwa na nafasi, shajara. Usidhani sikuiona. Ningempigia Hashimu simu pale pale, niseme Somoe kajichanganya, mimi nilimwalika kula tu. Mama angenuna wiki moja, ikapita. Somoe angenisema maisha yangu yote, na anastahili. Neno lilikuwa limekaa ulimini, zito, tayari.

Nikasema, "Ule mji wa kipuuzi. Nenda ukauone."

Akaacha ungo. Akauliza, upuuzi gani hasa, mama?

Basi nikamwambia. Nikamwambia asipande ule mnara mchana wa jua kali, ni ngazi tupu, atachoka bure. Akapande jioni. Mtaa wa maghala asiende peke yake, ni wa walevi, aende na mjomba wake au asiende kabisa. Kule juu kwenye mji wa zamani, penye kuta na vichochoro, avae viatu vya maana maana mawe yanateleza. Asidanganyike na ile meli, kinywaji chao ghali, akae na maji yake ya chupa. Kwenye jengo la mviringo aingie taratibu, avue kiburi, kwa sababu watu wa kila aina wamelia humo ndani kuombea watoto wao. Sijui hilo la mwisho nimelisoma wapi. Nadhani sikulisoma popote.

Nimeongea mpaka mchele umesahaulika kwenye ungo na kuku wa jirani kaudonoa. Rehema alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, sura mbaya kabisa. Mimi sikulia. Nilifukuza kuku.

Bado nauchukia. Nitauchukia mpaka nife, huo mji na mikate yake.

Wanasema upepo wa huko miezi ya baridi unashuka kutoka milimani unakata mifupa. Kesho, kabla ya wateja hawajafika, nitampima Rehema koti. Sijawahi kushona koti la baridi maishani mwangu. Huku kwetu nani alivae?